Mkuu wa mkoa apigiwe kura au aendelee kuteuliwa? Tujadili bila matusi

Chifu wa Bonde
Wadau habari za jioni. Hili jambo linanikera siku nyingi. Hapa Tanzania mkuu wa mkoa (RC) kateuliwa, mkuu wa wilaya (DC) kateuliwa, mkurugenzi wa halmashauri naye kateuliwa, na aliyewateua wote watatu ni mmoja, Rais. Wewe mwananchi unampigia kura diwani basi, hata meya wanamchagua madiwani wenyewe ukumbini huko wewe ukiwa nyumbani. Sasa mabasi ya mwendokasi ya Dar yakikwama pale Kimara asubuhi, watu wamejazana mpaka nje, utamuadhibu nani kwenye sanduku la kura? Meya hana sauti pale, wakala wa mwendokasi uko chini ya TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, toka mabasi yaanze 2016 ndo hivyohivyo. Wenzetu Kenya toka 2013 wanamchagua gavana wenyewe, kaunti 47, na katiba yao inasema kaunti zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Ninachosema mimi, mkuu wa mkoa achaguliwe, awe na hela zake, na kabla hajaamua kitu kikubwa sheria imlazimishe kuwauliza watu. Hayo matatu yaende pamoja. Ukimpa kura bila hela au hela bila kuulizwa ni bora tubaki tulivyo.

Kamanda Mtaa wa Pili
Mkuu ulianza vizuri ukaharibu ulipoleta Kenya. Kenya hiyohiyo mwaka 2020 Januari gavana wa Kiambu kang'olewa, Desemba wa Nairobi kang'olewa, na kabla hata hajang'olewa huduma za jiji zilishatolewa mikononi mwake kapewa jenerali wa jeshi. Hiyo ndo demokrasia ya kuiga? Huku kwetu RC akizingua asubuhi jioni keshatumbuliwa, kazi zinaendelea.

Mkamba wa Wote
@Kamanda ndugu yangu mbona unalichukulia kung'olewa kama aibu? Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi waling'olewa na bunge la kaunti kwanza halafu seneti, mashtaka yamesomwa, mawakili wamejitetea, nchi nzima inatazama kwa runinga. Huyo wenu akitumbuliwa jioni mnaambiwa kosa lake ni gani? Ama mnasoma tu jina la mpya?

Na sio kaunti zote ni sarakasi. Mimi natoka Makueni. Mwanzoni tulikuwa vibaya sana, 2014 MCA, yaani wawakilishi wa wodi kwenye bunge la kaunti, na watu wa gavana walipigana mpaka risasi zikalia, tukapeleka ombi kaunti ivunjwe, tume ikakubali, Rais Uhuru akakataa 2015. Baadaye gavana wetu Kibwana akajenga utaratibu wa kuuliza watu kuanzia kijijini, ikapanda wodi mpaka kaunti, na mradi ukija kijijini kwenu kuna kamati ya wanakijiji wenyewe, kandarasi halipwi mpaka hiyo kamati iseme kazi imeisha na ni nzuri. Kiwanda cha maembe cha Kalamba tuko nacho, na wakulima ndio walikuwa wanalia maembe yanaozea shambani.

Dada wa Kariakoo
Hiyo ya Makueni nzuri sana lakini huku nani atasimamia? Hawa madiwani wetu? Diwani wa kata yetu ni darasa la saba, mkurugenzi ana masters, akimwekea kabrasha la bajeti mezani anageuza kurasa tu anasubiri posho. Kwanza tupate madiwani wenye shule ndo tuongelee kuchagua wakuu wa mikoa.

Mwanasheria wa Kijiweni
Kuna kitu hamjakigusa. Sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa nguvu ya kumuweka mtu ndani mpaka saa 48. DC naye anayo. Sasa mnataka mtu huyohuyo awe mgombea, ana wapinzani, ana kampeni, halafu hiyo nguvu bado iko mkononi. Hiyo kwanza ifutwe.

Mama Diwani Mstaafu
Dada wa Kariakoo shikamoo, au nikuamkie mimi maana wewe ndo msomi. Darasa la saba unalolitukana ndo mimi. Nimekaa kwenye baraza vipindi viwili. Unajua kabrasha la bajeti tulikuwa tunaletewa lini? Usiku wa kuamkia kikao, zito kama msahafu, nusu yake Kiingereza, michoro ya wahandisi imo humohumo, halafu asubuhi mwenyekiti anasema wanaokubali waseme ndiyo. Hata huyo mwenye masters ukimpa usiku mmoja atageuza kurasa tu.

Walikuja wataalamu wakasema zahanati ya kata ijengwe bondeni kwa sababu kiwanja cha halmashauri kipo pale. Nikakataa. Nikawaambia masika maji yanapita hapo mpaka kiunoni, mimi nimezaliwa hapo. Wakanicheka, wakaandika kwenye muhtasari kwamba diwani anakwamisha maendeleo. Nikawaita wazee wa mtaa wakaja ukumbini wakasema vilevile, ndo ikahamishiwa juu. Ipo mpaka leo na wajawazito wanajifungulia pale. Wale waliochora bondeni wote walikuwa na digrii.

Dada wa Kariakoo
Mama sijakutaja wewe, nimemsema wa kwangu. Ila ukweli uko palepale, sheria inataka diwani ajue kusoma na kuandika tu Kiswahili au Kiingereza. Mlinzi wa benki anaombwa cheti cha form four, anayepitisha mabilioni ya halmashauri haombwi chochote, hiyo nayo tuiite haki?

Kamanda Mtaa wa Pili
Hapo nakuunga mkono dada. Form four iwe mwanzo.

Fundi Bomba
We Kamanda kila kitu unaunga mkono alimradi tu mwananchi apunguziwe kitu. Baba yangu hajasoma na kaongoza chama cha ushirika wa pamba, mizani haipungui hata gramu moja, wasomi walikuja baadaye ndo wakakiua. Mnadhani vyeti vinazuia mtu kuiba?

Kamanda Mtaa wa Pili
Sijasema vinazuia kuiba nimesema anayeongoza aelewe anachosaini usiniwekee maneno mdomoni. Ushirika wa baba yako unaingiaje hapa.

Fundi Bomba
Unaingia kwa sababu umemtukana mtu wa namna yake.

Mkamba wa Wote
Kwetu gavana lazima awe na digrii, ni sheria. Na kelele za pesa za kaunti ziko palepale. Iliyobadilisha mambo Makueni ni watu kuulizwa na kamati kushika ile sahihi ya mwisho. Ile ndio inamtisha kandarasi.

Msukuma wa Manchester
Nimesoma toka juu. Ngoja nilete ya huku ninakoishi maana Waingereza nao wamegatua kwa mameya wa kuchaguliwa. Andy Burnham alichaguliwa meya wa Greater Manchester 2017, eneo lina halmashauri kumi chini yake. Mabasi huku yaliachiwa soko huria 1986, kila kampuni na nauli yake na njia inayotaka yenyewe. Meya akapewa nguvu kisheria ayarudishe chini ya umma lakini hakuamka tu akatangaza, sheria ilimlazimisha afanye tathmini, mkaguzi wa nje aipitie, halafu aulize umma, ndo akaamua Machi 2021. Kampuni zikaenda mahakamani zikashindwa. Mabasi yakaanza kurudi Septemba 2023, yakamaliza Januari 2025. Sasa hivi basi likichelewa kila mtu anajua wa kumlaumu ni nani. Ndo kile cha mwendokasi alichokisema Chifu.

Ila kwa haki niseme na upande wa pili, Bristol walipiga kura 2012 wawe na meya wa kuchaguliwa, 2022 wakapiga tena wakaukataa huo mfumo, wakarudi kwenye kamati za madiwani.

Kamanda Mtaa wa Pili
Nyie wa ughaibuni mkipanda basi moja tu tayari mnatufundisha utawala. Rudi upande daladala ya Mbagala saa moja asubuhi ndo uje na hizo tathmini.

Msukuma wa Manchester
Nimepanda hizo daladala miaka yote ya shule nikiwa nimesimama mlangoni kwa sababu konda hataki mwanafunzi akae. Ndo maana nauliza nani aliamua ile njia iwe na magari machache vile, na kwa nini mama yangu mpaka leo hana pa kulipeleka lalamiko.

Kijana wa Hesabu
Mnagombana vyeti na daladala hela hamuziongelei. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri, 2016 ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikaanza na buku kwa mwezi nyumba ya kawaida, ikaja kupandishwa. Sasa hicho ndo chanzo ambacho duniani kote miji inaishi nacho kwa sababu nyumba haihami, halafu meya wa Dar, wa Mwanza, wa Arusha anakuja kuomba hela ya mtaro kutoka juu na hela imetoka kwenye nyumba za mtaa huohuo. Hapo hata umchague malaika awe mkuu wa mkoa atakaa ofisini anasubiri ruzuku.

Mpangaji Mwaminifu
Hapo kwenye LUKU ndugu umenigusa. Mimi mpangaji, nyumba si yangu, kodi ya jengo nakatwa mimi kila mwezi, mwenye nyumba nikimwambia anirudishie anasema nihame. Nani alituuliza kabla ya kuamua hilo? Si ndo hiki mnachokiongelea?

Mama Diwani Mstaafu
Hatukuulizwa hata sisi madiwani. Tulisikia redioni kama wewe.

Dada wa Kariakoo
Mpangaji pole, na wewe mita ni ya pamoja au yako? Kwetu vyumba sita mita moja, ugomvi wake kila mwisho wa mwezi ni vita.

Mpangaji Mwaminifu
Yangu peke yangu. Afadhali wewe mnagawana.

Mzee wa TAMISEMI ya Zamani
Wanangu naona mnadhani haya mapya. Serikali za mitaa tulizifuta wenyewe, vijijini 1972, miji ikafuata, tukaita madaraka mikoani. Jina tamu, kumbe madaraka yalienda kwa maofisa waliotumwa mikoani. Miji ikachakaa, mitaro ikaziba, kipindupindu kikaingia, mpaka 1978 miji ikarudishiwa halmashauri zake, halafu zikaja sheria za serikali za mitaa namba 7 na namba 8 za 1982. Baadaye tukapita kijiji kwa kijiji na ile O&OD, mipango shirikishi ya fursa na vikwazo, watu wanakaa chini ya mwembe wanapanga vipaumbele vyao vizuri kabisa, nilikuwepo. Ikifika wakati wa bajeti ukomo unakuja kutoka juu, umeshaandikwa hela ngapi na za nini. Vile vitabu vya vijiji vikabaki kabatini. Ukiwauliza watu halafu usifanye walichosema mwaka unaofuata hawaji mkutanoni, na wana haki.

Mwanasheria wa Kijiweni
Hakuna aliyenijibu kuhusu saa 48.

Fundi Bomba
Na mgombea nani atamteua? 2024 uchaguzi wa serikali za mitaa chama kimoja kimebeba karibu viti vyote. Ukisema mkuu wa mkoa achaguliwe bila kugusa uchaguzi wenyewe, atakuwa yuleyule aliyeteuliwa, amepitishwa tu kwenye kura.

Kamanda Mtaa wa Pili
Mmeshaanza siasa za vyama. Kama wapinzani hawana watu wa kusimamisha hiyo kosa la nani?

Fundi Bomba
Waliosimama wakaenguliwa fomu zao nao ni kosa la nani? Jibu hilo.

Chifu wa Bonde
Jamani nimesoma zote. Mzee shikamoo, ya ukomo wa bajeti umenifungua. Mwanasheria, hizo saa 48 zifutwe kabisa, awe wa kuteuliwa awe wa kuchaguliwa, mtu wa siasa hana biashara na kuweka watu ndani. Fundi hoja yako nzito na mimi sina namna ya kuizunguka.

Kwa hiyo nasogea kidogo. Kabla ya mkuu wa mkoa tuanze na mkurugenzi. Huyo ndo ameshika hela na anawajibika juu, madiwani hawawezi kumuajiri wala kumfukuza, wanaweza kulalamika tu. Baraza la madiwani limuajiri kwa kutangaza nafasi, makabrasha yafike kwa madiwani wiki mbili kabla, yawe Kiswahili, na ubao wa kata ubandikwe kila mradi na bei yake. Hayo hayasubiri katiba mpya, ni sheria za kawaida za bunge.

Dada wa Kariakoo
Madiwani wa darasa la saba wamuajiri mkurugenzi?

Mama Diwani Mstaafu
Ndiyo mwanangu. Na maswali ya usaili nitakutungia mimi, la kwanza aniambie masika maji ya kata yangu yanapita wapi.

Kamanda Mtaa wa Pili
Kiswahili nakubali. Wiki mbili pia nakubali. Kuajiri hapana.

Mkamba wa Wote
Kamanda, na ile kamati ya kijiji ya kusaini kabla kandarasi alipwe? Hiyo mbona hujaisema?

Kamanda Mtaa wa Pili
Hiyo nayo waipitishe. Barabara yetu ya mtaa ilikabidhiwa imekamilika na lami haijafika hata kwenye kona, nani alisaini sijui mpaka leo.