Wenye mabosi wa "rudia tena" kazini, tupeane uzoefu

MtuWaRipoti:
Nimerudishiwa ripoti kurasa 40 kwa sababu nafasi kati ya mistari ni 1.15, anataka 1.5. Yaliyomo hajayagusa. Mliofanya kazi na watu wa aina hii, mliishi nao vipi?

DokezoSabili:
Pole mkuu. Wa kwangu barua ya mistari minne ilipanda na kushuka mpaka jalada likachanika. Mwisho akaipitisha rasimu ya kwanza kabisa. "Hii sasa ndiyo barua."

MamaWawili:
Mmenikumbusha mbali. Wangu anapima pembezoni mwa karatasi kwa rula.

ChumviNyingi:
Nyie mnacheka, sisi tulikosa zabuni. Kazi ya ujenzi, tunaomba kupitia NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, mwisho saa 4 kamili asubuhi. Tumekesha ofisini. Bei tayari, dhamana ya zabuni ipo. Saa 3 na dakika kumi bosi anaona kwenye mpango kazi tumeandika m2, ile mbili haijapandishwa juu. "Hatutumi takataka." Haya, faili likafunguliwa upya, tunapandisha mbili moja moja. Mhasibu analia, si utani, machozi kabisa, huku anashusha kurasa. Saa 3:52 ndiyo akaridhika. Kupakia, kiduara kinazunguka tu. Saa 4 ikagonga, mfumo ukafunga, na hauna mlinzi wa kumbembeleza. Jamaa akaitazama skrini, akasema: "Angalau ilikuwa safi."

Kisura255:
ANGALAU ILIKUWA SAFI 😂😂 Mhasibu bado yupo?

ChumviNyingi:
Aliondoka mwezi uleule. Anauza vitenge.

MfamasiaMkali:
Mnawaonea. Mimi ndiye bosi wa hivyo. Daktari akiandika 1.0 mg na nukta isionekane, mgonjwa anapewa 10. Ndiyo maana tunafundishwa kuandika 1 mg tu, bila nukta wala sifuri. Nyie wa bora liende ndio mnaua watu.

DokezoSabili:
Mfamasia tulia. Nukta ya dawa na nafasi ya mistari ni kitu kimoja? Anayekagua kila kitu kwa ukali uleule, siku ya jambo kubwa anakuwa kashachoka.

MfamasiaMkali:
Nani kachoka?

Mnyalu_wa_Town:
Hiyo OCD, ule ugonjwa wa akili wa kurudiarudia mambo, apelekwe hospitali.

MamaWawili:
Si OCD. Mwenye OCD mara nyingi anateswa na mawazo yake mwenyewe, anatamani yaishe. Hawa wanaona wao wako sawa, wagonjwa ni sisi.

Kisura255:
Ushauri: mpelekee mapema, arekebishe weee achoke.

Mnyalu_wa_Town:
Thubutu! Ukimpa wiki, anarekebisha wiki. Mpelekee imebaki nusu saa.

ChumviNyingi:
Nusu saa? Umesoma nilichoandika?

Mnyalu_wa_Town:
Basi mwachie kosa moja la wazi ukurasa wa kwanza. Akilipata roho inatulia, anasaini.

MtuWaRipoti:
Hilo nilishalijaribu. Akasema kama kuna hili, yapo mengine.