Naomba ushauri: kulainisha kwa mafuta ngozi ya makochi iliyokaa stoo

Ndugu mafundi, salaam. Ninavalisha makochi hapa Keko, Dar es Salaam, na nina vipande vitatu vya ngozi halisi ya ng'ombe vilivyokaa stoo takriban miaka sita vikiwa vimekunjwa badala ya kuviringishwa, kosa ambalo ni langu mwenyewe. Sasa vimekakamaa, nikipinda pembe inalia kama mfuko wa saruji, na penye mikunjo ya zamani uso umeanza kutoa nyufa nyembamba kama unywele.

Nilipokata ukingo nikaona katikati pana rangi ya kijivu-samawati, hivyo naamini ilitengenezwa kwa kromu, yaani chumvi za metali zinazotumika kusindika ngozi mbichi. Tone la maji lilisimama juu ya uso bila kupenya, ilhali upande wa nyuma lilinyonywa mara moja. Ndiyo maana nafikiria kupaka mafuta nyuma tu, kidogo kidogo, na kuacha siku nzima kabla ya kurudia.

Mafuta ya nazi nayaogopa, kwa kuwa huganda ubaridi ukishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mteja wangu anaishi Njombe. Ya kitani hukauka yakawa magumu, kwa hiyo hayamo kabisa. Yamebaki ya nyonyo na yale yanayotokana na kuchemsha miguu ya ng'ombe.

Naomba kujua yapi mngechagua, kama inafaa kuipa ngozi unyevu kidogo kwanza, na je, gundi itashika upande uliokwisha kunywa mafuta?