Naomba ushauri: waya gani wa mashine ya kuchomelea nyumbani?

Rodi_Mbichi:
Wadau, naombeni msaada kabla ya wikendi. Nina mashine ya kuchomelea ya inveta, imeandikwa 200, na grainda ya inchi tisa. Nafanyia kazi hapa nyumbani, Kayole, Nairobi. Nikianza kuchoma, taa zinafifia na waya wa ekstensheni unapata joto hadi plastiki inanuka. Swali langu ni moja tu: ninunue waya wa saizi gani? Pale Luthuli mjini, kwenye maduka ya vifaa vya stima, kila duka linaniambia lake.

Mzee wa Kariobangi:
Kijana, kazi ya vyuma ina mahali pake. Mimi nilianza kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji na nyundo kabla sijashika rodi ya kuchomelea. Leo niko Light Industries, kwenye karakana za Kariobangi, stima ni ya fezi tatu, volti 415. Nachoma geti, jirani anakata chuma, na hakuna taa inayopepesa. Siku hizi kila mtu anataka kiwanda jikoni.

MamaChapo:
Nyinyi ndio mnatunyima usingizi. Huku Umoja tunaye mmoja, grainda inalia saa nne za usiku na mtoto ana mtihani asubuhi. Nunua waya, lakini nunua na saa.

Waya_Tatu:
Rodi, hiyo 200 ni ampea zinazotoka kwenye rodi, si zile unazovuta ukutani. Kwa 200 kamili arki, yaani ule moto wa kwenye ncha ya rodi, inataka kama volti 28, hiyo ni kilowati 5.6. Ongeza zinazopotea ndani ya mashine: ukutani unavuta ampea 30 na ushee. Plagi ya kawaida ni ya 13. Na kama ekstensheni umeiacha imezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea. Sasa sema, stima unaitoa wapi? Mita ni yako?

Rodi_Mbichi:
Tunagawana. Ni ploti ya kukodi. Fundi alivuta kutoka kwa swichi ya shawa ya moto, akapitishia dirisha la bafu. Waya ni wa milimita mraba 2.5, ule wa shawa ukutani pia 2.5. Najua mtakachosema, lakini mteja ameshalipa nusu ya pesa za geti, na mwenye ploti haji hadi mwisho wa mwezi.

MamaChapo:
Kumbe majirani ndio wanakununulia tokeni!

Boda_Kichwa:
Hiyo mashine ni pesa ngapi, bosi? Nami nataka.

Jicho_Kavu:
Wadau, mnachezewa. Anachoma geti, waya wa 2.5 unanuka, na hajataja brekka kuruka hata mara moja? Hii stori imetungwa. Kesho atatuletea namba ya duka la mashine.

Rodi_Mbichi:
Sijatunga kitu. Brekka ilikuwa inaruka kila saa, fundi akaitoa akaweka ya ampea 63. Tangu hapo imetulia, ndiyo maana sikuitaja.

Waya_Tatu:
Ungeanza na hiyo! Brekka kazi yake ni kulinda waya. 2.5 hubeba ampea 20 na kidogo. Hiyo 63 itanyamaza hadi waya wa ndani ya ukuta ushike moto. Hata ukinunua mnene wa kutoka dirishani, wa ukutani ni uleule. Unataka laini yake peke yake kutoka kwenye boksi: waya wa kopa wa milimita mraba 6, brekka ya ampea 32 aina ya C kwa sababu mashine huvuta stima nyingi ghafla ikiwashwa, soketi ya bluu ya 32, na RCD ya miliampea 30, ile swichi inayokata stima ikivuja. Mwenye ploti akubali kwanza, na fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Ekstensheni yako ina waya ngapi ndani?

Rodi_Mbichi:
Mbili. Lakini inafanya kazi vizuri tu.

Mzee wa Kariobangi:
Bila arthi, ule waya wa tatu wa usalama, na bafuni! Leta vyuma huku kwangu, utachoma ulipie stima.

Rodi_Mbichi:
Asante mzee, ila kubeba geti hadi huko ni gharama. Nikishusha mashine hadi ampea 90 na rodi ya milimita 2.5, si nitamaliza geti hili moja?

Waya_Tatu:
Zima swichi kuu kwanza, urudishe brekka ya zamani. Iko wapi?

Rodi_Mbichi:
Fundi alienda nayo.

MamaChapo:
Rodi, ploti yenu iko upande gani wa Kayole? Dada yangu anakaa Soweto ya hapo Kayole.