Relevanssi au FULLTEXT? Natafuta "kuku", naletewa "kukumbuka"

mfugaji_moro: Habari zenu wakuu. Nina tovuti ya ufugaji. Mtu akitafuta "kuku" analetewa tangazo la kukumbuka ada ya kikundi, kisha makala ya kukusanya maziwa. Wiki hii niamue: niweke Relevanssi ya bure (plagini, yaani programu ya nyongeza ya utafutaji), au nimlipe kijana aniwekee FULLTEXT, utafutaji wa maneno wa MySQL, hifadhidata yenyewe ya tovuti?

fundi_wavuti: Mkuu, maelezo hayatoshi. Tovuti imejengwa kwa WordPress? Makala ngapi? Seva yako peke yako au ya kuchangia?

mfugaji_moro: Samahani. WordPress, makala 600 hivi, seva ya kuchangia.

fundi_wavuti: Basi hakuna kilichoharibika. WordPress huiuliza MySQL kwa LIKE '%kuku%', yaani popote herufi hizo zilipo, hata ndani ya neno. Na Kiswahili kimejaa kukuza, kukubali, kukutana. Tangu toleo la 3.7 makala yenye neno kwenye kichwa hutangulia, ila bado haijui neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Weka Relevanssi, chagua maneno kamili, jenga faharasa, yaani orodha ya maneno yote ya makala. Umemaliza.

dada_seva: Asikimbilie! Plagini moja ya namna hiyo, jina naliacha, ilinitoa jasho. Nilibonyeza kujenga faharasa saa tano usiku nikalala. Alfajiri simu hazikatiki: tovuti haifunguki. Kila neno la kila makala lilikuwa limeandikwa kwenye jedwali jipya, mgao wa hifadhidata ukajaa pomoni. Hata mimi mwenyewe nikawa naingia, natolewa. Ikabidi nifungue phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, nilifute jedwali kwa mkono, mkono wenyewe unatetemeka nisije nikafuta makala za miaka minne. Pima nafasi kwanza, ndugu yangu. FULLTEXT ni nyepesi zaidi.

kode_mtwapa: FULLTEXT nayo ina masharti. Majedwali ya MySQL yana aina: kwa kawaida ya InnoDB huacha neno lisilofika herufi 3, ya MyISAM lisilofika 4. Jedwali lako likiwa la zamani la MyISAM, "kuku" atapatikana lakini "yai" halitaonekana. Na kwenye seva ya kuchangia huwezi kubadili hilo.

bi_tumu: Na ng'ombe je? Kwangu makala zilizonakiliwa kutoka Word zina alama ya ng' iliyopinda (’), msomaji anaandika iliyonyooka ('), hapati kitu.

kode_mtwapa: Andikeni "ngombe" tu, yaishe.

bi_tumu: Haiwezekani! Kung'oa jino na kulia ngoa ni mambo mawili mbali kabisa. Turekebishe makala, lugha tuiache.

fundi_wavuti: Bi Tumu ana haki. Badilisha alama zote mara moja ndani ya hifadhidata, ila nakala ya akiba kwanza.

mfugaji_moro: Nimeangalia, nimebakiwa na MB 90. Zinatosha?

dada_seva: Jedwali la makala lenyewe lina MB ngapi? Faharasa inaweza kulizidi.

mfugaji_moro: Nitaangalia jioni. Halafu, mtu akitafuta "kifaranga", Relevanssi itamletea na "vifaranga"?

fundi_wavuti: Kwa maneno kamili, hapana. Hapo unaandika visawe mwenyewe, jozi baada ya jozi.