Daktari kaandika "unene" mahali pa ugonjwa. Nikubali kwamba naumwa?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri. Kejeli nazo nitazipokea, nishazizoea.

Nina miaka 38, urefu sentimita 162, kilo 88. Wiki iliyopita nilikwenda hospitali kwa ajili ya goti. Daktari akapiga hesabu, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ikaja 33.5, na pale panapoandikwa ugonjwa akaandika "unene uliopitiliza". Nikamwambia, dokta, mimi nimeleta goti. Akasema ugonjwa ndio huo, goti ni dalili. Nikanyamaza.

Sukari iko sawa, presha iko sawa. Mume wangu anasema nimepachikwa ugonjwa ili ninunue dawa. Dada yangu naye: "Ugonjwa gani unaoingilia mdomoni?" Nilipofika nyumbani nililia, na mpaka leo sijui kama ni uchungu au ni mzigo ulionitoka. Miaka 15 najiita mzembe, leo mtu ananiambia naumwa.

Nikubali hilo jina? Na nikilikubali, nalifanyia nini?

ZamuYaUsiku: Pole dada. Mimi ni muuguzi. Huo ubishi wa nyumbani kwako umewashinda hata wakubwa. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari cha Marekani kilipiga kura kuuita unene ugonjwa, wakati baraza lake lenyewe la sayansi lilishauri wasifanye hivyo. Hoja ya baraza ilikuwa kwamba BMI ni kipimo dhaifu mno kumbebesha mtu ugonjwa. Wajumbe wakapiga kura ya ndiyo hivyo hivyo.

Chuma_Hakiliwi: Mimi niko na dada yako. Kila kitu kikiitwa ugonjwa, nani atabaki na wajibu? Punguza sahani, tembea, basi.

NilikuwaKilo130: @Chuma_Hakiliwi tembea na hii. Nilishuka kutoka 130 hadi 96 kwa miezi 11, kwa sahani hiyo hiyo unayoisema. Kushuka si kazi. Kazi ni kukaa huko chini. Njaa ilikuwa inaniamsha saa nane usiku, na nilikuwa nasikia baridi wenzangu wakitokwa jasho. Zilirudi zote, na nyingine juu. Kuna watu 14 walioshiriki mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito huko Marekani, watafiti wakawapima tena baada ya miaka 6, matokeo yakatoka 2016: wengi uzito umewarudia, na miili yao bado ilikuwa inachoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Huo nao ni uvivu?

Chuma_Hakiliwi: Wale walishushwa kwa fujo. Na hata hivyo, aliyejitakia na aliyeletewa si sawa.

Mbishi_Mpole: Saratani ya mapafu ya mvuta sigara unaiitaje, mkuu? Adhabu?

Chuma_Hakiliwi: Hapo umenishika. Kidogo.

KaraniWaMadai: Dada, mimi naongea la pesa. Kabla hujalibeba hilo jina, soma mkataba wako wa bima neno kwa neno. Ipo mikataba inayotibu maradhi lakini imeandika wazi kwamba haigusi "kupunguza uzito". Usidhani jina linafungua mlango lenyewe. Hao Marekani walipiga kura yao 2013, lakini sheria yao ya 2003 iliyokataza Medicare, bima ya serikali yao hasa kwa wazee, kulipia dawa za kupunguza uzito haikutikisika kwa kura ile.

NilikuwaKilo130: Na za dawa ajue mapema. Semaglutide, mojawapo ya dawa za kupunguza uzito, inapunguza kweli, kwenye jaribio lake kubwa watu walishuka karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Lakini waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuiacha, theluthi mbili ya walichopoteza kilirudi. Mumeo ana haki ya kuuliza habari za dawa, ila aulize hilo.

ZamuYaUsiku: Nimerudi, nilikuwa na wagonjwa. Dada, Januari 2025 jopo la wataalamu kupitia jarida la kitabibu la Lancet Diabetes & Endocrinology lilipendekeza unene ugawanywe. Ule ulioanza kuharibu kazi ya viungo uitwe ugonjwa. Ule ambao haujaharibu uhesabiwe hatari ya kufuatilia. Na BMI isisimame peke yake, kiuno nacho kipimwe. Kwa hiyo usituulize kama unene ni ugonjwa, tuulize kama *wako* umeshafika huko. Sukari na presha havitoshi kujibu. Goti linakaza asubuhi? Linakunjika lote? Unakoroma? Unaamka umechoka kama hukulala? Yaandike majibu, umpelekee daktari huyo huyo, umwambie akuoneshe uharibifu uko wapi.

Mleta uzi: Asanteni, hata wewe Chuma. Kiuno nimepima, sentimita 104. Goti linakaza, kama dakika kumi hivi, halafu linaachia. La kukoroma nilitaka kuandika hapana, nikasema ngoja kwanza nimuulize mwenye kitanda mwenzangu. Kakaa kimya, halafu akasema kuna usiku huwa naacha kabisa kupumua, yeye ananigusa bega ndipo narudi. Miaka mitatu sasa. Anasema alidhani nikiambiwa nitaona ananisema mwili.

Kesho tunakwenda wote.