Kuchanganya uimbaji na kusaidia watoto wenye ulemavu: nianzie wapi?

Sauti_ya_Ngambo
Assalaam alaykum. Natunga na kuimba, taarab na nyimbo za gitaa, hapa Unguja mjini. Nataka mapato ya wimbo mmoja na onesho moja kila mwaka yanunulie viti mwendo watoto wenye ulemavu wa viungo, na wao wenyewe wapande jukwaani kuimba, si kuwekwa mbele wapigwe picha. Muziki ndio riziki yangu. Wenye ujuzi nielezeni: fedha, viti na jukwaa vipangwe vipi?

Mpiga_Kanuni
Waalaykum salaam. Anza na haki za wimbo. Katika taarab mara nyingi mwenye shairi ni mmoja, aliyelitia muziki mwengine, na mwimbaji wa tatu. Huwezi kutoa sadaka fungu la mwenzio. Andikeni kabla ya kurikodi nani ana asilimia ngapi na anatoa ngapi, kisha msajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa mgawanyo huohuo. Andikeni pia kama "mapato" ni kabla ya gharama au baada yake. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Wapigaji walipwe. Mpiga fidla anayeambiwa kila mara "hii ni ya kheri" mwisho haji. Na wewe jiwekee ujira unaojulikana, uandikwe.

Halafu kuna tuzo. Watu wakiinuka kukutunza, noti zile ni za nani? Tangaza kabla ya wimbo wa kwanza, weka beseni moja, na watu wawili wahesabu usiku huohuo na kutia saini. Kibali cha onesho hutolewa na BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, na sheha wa eneo apewe taarifa mapema. Epuka Ramadhani, na pia siku za tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa Februari, maana mafundi sauti wengi huwa wameshashikwa.

FundiKiti_Chake
Nakuomba sana ndugu yangu, usinunue kiti kabla ya kumpima mtoto. Viti kumi vya saizi moja, tena vya watu wazima, vikigaiwa mbele ya kamera vinaumiza watoto.

Mtoto akae kitako juu ya ubao ulio sawa. Pima upana wa nyonga: huo ndio upana wa kiti. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi mkunjo wa goti, utoe sentimita 3 hadi 6: hicho ndicho kina. Kutoka mkunjo wa goti hadi kisigino ndio kimo cha pa kuwekea miguu. Kiti kikipwaya, mtoto analalia upande na mikono haifiki magurudumu. Kina kikizidi, anateleza mbele, mgongo unapinda, kifua kinabanwa. Huyo hawezi kuimba.

Kwa mtoto asiyehisi makalio, mfano aliyezaliwa na mgongo wazi, mto ni lazima. Akiwa amekaa, tia ncha za vidole baina ya mto na mfupa wa kalio. Vikicheza juu na chini milimita 5, salama. Visipocheza lakini vikatoka kwa urahisi, ni onyo. Vikibanwa, badilisha mto siku hiyohiyo, kidonda kiko njiani.

Kwa njia za shamba huku Pemba, magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani. Tafuta kiti kirefu cha magurudumu matatu, na ya nyuma yawe inchi 24 au 26 yanayoingiliana na ya baiskeli, ili tyubu na spoku zipatikane kwa fundi yeyote. Chumvi ya hewa inakula beringi: futa kwa maji matamu, kausha, tia grisi. Mtoto anakua, apimwe tena kila miezi 6. Ningetenga robo ya fedha zote kwa matengenezo.

Mwalimu_Matari
Jukwaa la kimo cha sentimita 50 linataka mteremko wa mita 6, yaani 1 kwa 12. Mtoto asibebwe kama mzigo.

Kikomo cha sauti cha WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatika nusu. Ukifika 90, fungu la wiki nzima linakwisha kwa saa moja na robo. Maiki zijaribiwe kabla watoto hawajafika, kwani mlio wa ghafla humvuruga mwenye usonji. Tengeni na chumba kimya chenye mkeka. Taa za kumetameta ziondoeni kabisa: mmeto wa mara 3 hadi 30 kwa sekunde unaweza kuamsha kifafa.

Mkalimani wa lugha ya alama apewe shairi mapema pamoja na maana ya mafumbo, na taa imulike mikono yake.

Sauti_ya_Ngambo
Shukran sana. Na mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayechelewa kuitikia?

Mwalimu_Matari
Kiitikio kiwe na maneno mawili au matatu, ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti yake, upande kidogo kwa sauti ya mtoto. Vyombo vizunguke palepale, yaani virudie kipande kilekile kumsubiri, bila mwimbaji kumjibia, hata mizunguko minne. Asiyeweza kutamka apewe tari, pa kushikia pafungwe sponji nene ashike vizuri, na pigo lake ndilo liwarudishe wapigaji kwenye ubeti. Mfanyie mazoezi na bendi nzima, si na kinanda peke yake, asije akashtuka siku yenyewe.