Tupeane uzoefu: wanamuziki wa bendi mbili tatu, mnajigawaje?

Besi ya Temeke

Wakuu, habari za jioni. Napiga besi hapa Dar, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nina bendi ya dansi ambayo ndiyo nimeandikishwa, tunapiga Alhamisi na Jumapili. Nina kikundi cha hotelini Ijumaa na Jumamosi, kopi tupu za nyimbo za wengine, wageni wanakula sisi tunapiga polepole. Halafu kuna deiwaka, kazi za siku moja moja, za harusi na sendofu, yeyote atakayenipigia simu. Ukiniuliza mimi ni wa bendi gani nitakutajia ile ya dansi, maana ndiyo iliyonilea. Lakini kodi ya chumba inatoka hotelini, na ada ya mtoto inatoka kwenye sendofu.

Sasa limenikuta. Iddi mosi bendi ina onyesho. Mnaijua Iddi ilivyo kwetu: Ramadhani nzima tumekaa, kumbi kimya, na kila kiongozi anaitazama siku ile ifidie mwezi. Nilishasema nipo. Wiki moja baadaye hoteli wakaniambia usiku huohuo wana chakula cha jioni, malipo mara tatu ya posho ya bendi. Aliyetangulia kuniambia ni bendi, mwenye hela ni hoteli. Siku ya pili leo nashika simu naiweka chini.

Begi langu lina sare mbili, waya mbili na daftari. Hilo daftari nililianza baada ya kuumbuka. Kuna wimbo wa zamani naupiga bendi mbili, na kila bendi inauingia kivyake. Moja wanaliacha gitaa la ridhim lizunguke mara nne ndipo besi iingie, nyingine tunaingia wote pamoja na dramu. Usiku mmoja nikaingia mapema, mzunguko wa pili. Mwimbaji hakusema neno, aligeuza shingo tu akanitazama. Toka siku hiyo kila wimbo nimeuandikia bendi yake: tunaingiaje, nani anashusha sauti, sebene, pale pa kuchangamka, linafunguliwa na nani, tunafunga na nini.

Naomba tupeane uzoefu. Mnapanga vipi tarehe? Viongozi wenu wanajua ukweli? Na siku mbili zikigongana, mnamwacha yupi?

Mzee wa Tarumbeta

Mwanangu, mimi nimeshashuka jukwaani. Nilianza tarumbeta mwishoni mwa miaka ya sabini. Hili la bendi tatu sisi hatukulijua, na wazee wenzangu wakikwambia ni kwa sababu tulikuwa waaminifu kuliko ninyi, usikubali sana. Ilikuwa vyombo. Gitaa, tarumbeta, ampilifaya, vyote mali ya bendi, na bendi mali ya chama au shirika. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ndiyo maana jina lilifuata chama: JUWATA, baadaye OTTU, leo Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mtu ulikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Onyesho likiisha, chombo kinafungiwa stoo. Bendi nyingine ungekwenda na nini mkononi?

Kwa hiyo hatukuzunguka, tulihama. Muhidin Gurumo alikuwa NUTA toka mwanzo, 1978 akaenda Mlimani, 1985 akawa kati ya waliochukuliwa na bendi ya Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Nairobi ilikuwa hivyohivyo: wapigaji wa Simba Wanyika walitoka mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika. Akihama mkubwa namna hiyo, mashabiki wanamfuata, na alikotoka wanabaki kutafuta sauti.

Mimi nilihama bila kuaga. Nilifuatwa nyumbani usiku, nikaonyeshwa pesa, asubuhi sikutokea mazoezini. Wenzangu walinisimulia baadaye. Kiongozi aliweka kiti changu mahali pake, akaanzisha wimbo, walipofika pale pa tarumbeta akawanyamazisha wote, wakakaa kimya mpaka kipande kikapita, ndipo akaendelea. Nilimwomba radhi miaka sita baadaye, naye yuko kitandani hospitalini. Alinishika mkono, hakuweza kuongea sana.

Ninyi mna vyombo vyenu, zungukeni. Ila kiongozi asijue hupo kwa kuona kiti.

Fidla ya Ng'ambo

Mzee, shikamoo. Umenigusa.

Kwetu Unguja kupiga sehemu mbili ni jambo la zamani, lina mila yake. Mie ni wa kilabu ya taarab. Usiku tukikaa rasmi ni kundi kubwa, safu ya fidla, vyombo vya nyuzi kanuni na udi, filimbi ya nai, waimbaji nyuma. Lakini alasiri ukipita mtaani kwenye harusi utatukuta watu wachache tu: fidla moja, besi ya sanduku, ngoma ndogo za dumbaki, vijiti vya mkwasa na manyanga ya cherewa. Hiyo ndiyo kidumbak, na wapigaji wengi ni haohao wa vilabu vikubwa. Hakuna anayekwambia umesaliti, mradi usiku wa kilabu uwepo. Kutoka kilabu ya Ikhwani Safaa ukaenda Culture Musical Club, au kutoka Culture ukaenda Ikhwani Safaa, hilo ndilo lenye maneno. Vilabu hivi ni vya 1905 na 1958, watu wamezaliwa ndani yake, baba alikuwa huku na mtoto yuko huku.

Ugumu ninaoujua mie ni wa mkono. Kidumbak inataka mkono mkali, upinde unakata, kinamama wamesimama wanacheza hawataki upoe. Nilipiga harusi moja Mwembetanga tangu alasiri mpaka magharibi, nywele za upinde zikakatika nyingi zikawa zinaning'inia, nikazichuma kwa meno. Usiku ule kilabu tuna onyesho, na tunafungua kwa bashraf, kipande cha vyombo bila kuimba. Bashraf haitaki kukata, inataka kuvuta, upinde wote toka chini mpaka juu, pumzi moja. Mkono ukakataa. Nilikuwa nasikia fidla yangu inakwaruza katikati ya fidla za wenzangu laini. Mwalimu aliyekaa jirani yangu aliniinamia kabla ya wimbo wa pili akaniambia, "Leo usipige, tembeza upinde tu." Nikatembeza upinde usiku kucha bila kugusa waya.

Sikumchukia, alinisitiri. Lakini sijachukua tena kidumbak siku ya onyesho la kilabu, hata wakinitunza kiasi gani. Ndugu yangu wa besi, kabla ya pesa tazama kama vidole vyako vitakuwa vizima kwa hao wa pili.

Ridhim Nairobi

Mimi nitasema tofauti kidogo na wazee, kwa heshima. Nina bendi ya rhumba, na siku zingine nasimama peke yangu na gitaa na mashine ya midundo kwenye nyama choma, kile tunaita one man guitar. Watoto watatu shuleni. Bendi ina watu tisa, tukigawana unaenda nyumbani na ya matatu na unga. Nikiwa peke yangu, ya watu tisa ni yangu. Kiongozi wangu nilimwambia siku ya kwanza kabisa: tarehe yako ukinipa wiki mbili mapema nitakuja hata kama kuna kubwa zaidi, ukinipa siku mbili usinitegemee. Tumeenda miaka mitano hivyo na hatujawahi kukosana. Iwe ni mapatano mliyoyasema kwa mdomo, isiwe kila mtu anakisia.

Sauti ya Pili

Kaka zangu, niingize la wanawake maana sijaona.

Mimi ni mwimbaji, Sinza. Dansi naitikia, taarab ya kisasa naimba mwenyewe nyimbo mbili. Kwa miaka mitatu bendi ya dansi haikujua habari za taarab. Niliogopa, kwa sababu mpigaji akionekana kwingine wanasema anatafuta riziki, mwimbaji wa kike akionekana kwingine wanasema ameringa, au ametongozwa na bosi wa kule. Nilisikia yakisemwa juu ya mwenzangu nikiwa nimekaa palepale nasuka nywele.

Kuficha kunachosha kuliko kuimba. Simu nimezima, picha sitaki kupigwa, gauni la taarab nalivaa kwenye choo cha ukumbi na kulivulia hukohuko. Na kurudi: onyesho la dansi linaisha saa nane usiku, saa tisa, nauli ya bodaboda inatoka kwenye posho hiyohiyo ndogo. Mwanangu amelala kwa jirani. Siku za bendi mbili mfululizo nilikuwa namwona akiwa amefumba macho tu.

Ilivyojulikana ni kwamba shabiki mmoja alinitunza pesa kule, akaja kunitunza na huku, akataja jina langu la kule mbele ya kiongozi. Nililia kabla hajasema kitu. Akaniuliza swali moja tu, "Mazoezi ya Jumanne ulikuwa unaumwa kweli?" Nikasema hapana. Nililipishwa faini ya mazoezi yote niliyodanganya, na nikabaki kwenye bendi. Kumbe kuimba taarab hakukumuuma, kilichomuuma ni zile Jumanne.

Siku hizi karatasi ya ratiba yangu iko ukutani nyumbani, na viongozi wote wawili wana picha yake kwenye simu. Na nauli ya usiku naitaja kabla ya kukubali kazi. Dada zangu mnaosoma, itajeni, wengi wanalipa ukitaja.

Kinanda Likoni

Hapa Mombasa msimu ndio unaamua. Mwezi wa kumi na mbili hoteli za Diani zinatuita sote, ukitaka unapiga kila siku. Mvua za mwezi wa nne zikianza wageni hawapo, hoteli nyingine zinafunga, basi unarudi kwa bendi ya mtaani uliyoikimbia Desemba. Wao wanakumbuka. Mimi nilirudi mwaka mmoja nikakuta kinanda kina mtu na hawakuniambia hata karibu.

Lakini jambo langu kubwa ni kanisa. Jumamosi nashuka jukwaani saa nane usiku, navuka feri na wauza samaki, saa mbili asubuhi nimeketi kwenye kinanda cha ibada. Kanisani silipwi, napiga kwa sababu nilifundishwa muziki hapo nikiwa na miaka tisa, na bila kupiga Jumapili nasikia kama wiki haijaanza. Kuna wazee walipeleka malalamiko kwamba vidole vya baa haviwezi kugusa nyimbo za Mungu. Nilisimamishwa miezi minne. Nilikuwa nakaa kiti cha nyuma, mikono kwenye magoti, vidole vinatafuta sauti vyenyewe. Bado inaniuma nikiandika. Aliyenirudisha ni mama mmoja wa kwaya, aliwauliza wazee watoto wangu watakula nini nikiacha hoteli. Hawakumjibu, na Jumapili iliyofuata niliitwa mbele.

Besi, nyuzi zako unafanyaje? Kupiga kila siku zinakufa haraka.

Besi ya Temeke

Nyuzi nachemsha. Nazitoa zote, nazikunja taratibu, naziweka kwenye sufuria ya maji yanayochemka dakika kumi, nazipangusa kwa kitambaa kikavu, nazianika mpaka zikauke kabisa. Jasho na uchafu vinatoka, sauti inarudi inang'aa wiki mbili hivi. Seti mpya nanunua kabla ya Iddi na kabla ya Krismasi.

Mzee, shikamoo. Dada, nimesoma ya kwako mara mbili. Nimempigia kiongozi wa hoteli.

Besi ya Temeke

Narudi kuwapa mrejesho, Iddi imepita.

Hoteli niliwaambia kweli: nilishatoa neno kwa bendi, lakini naweza kuwaletea mtu. Kuna kijana wa mtaa wetu, miaka ishirini na moja, alikuwa anakuja kukaa karibu na ampilifaya yangu kila Alhamisi. Siku tisa nilikuwa naye chumbani baada ya tarawehe, sauti chini kwa ajili ya majirani. Nyimbo thelathini na mbili za hoteli. Nilimrekodia besi peke yake kwenye simu, nikampa daftari, nikampa na sare yangu, tukaikunja mikono maana ni mwembamba. Kinachompa shida ni kukaa kimya, kila nafasi anataka kuijaza.

Iddi mosi nikapiga na bendi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakacheza nje kwenye magari. Wimbo ule wa mizunguko minne ulipokuja, nilihesabu kwa midomo, nikaingia panapotakiwa, na mwimbaji aligeuka tena kunitazama, safari hii akitabasamu.

Hoteli walimpenda kijana. Wamemwomba abaki na Ijumaa, mimi nibaki na Jumamosi. Sitadanganya, iliniuma, ile Ijumaa ilikuwa nusu ya kodi yangu. Nilikwenda wiki iliyofuata nikakaa nyuma karibu na jikoni kumsikiliza. Wimbo wa tatu aliacha nafasi, mapigo mawili matupu, kinanda kikapita katikati. Nikajikuta naitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo Ijumaa zangu ziko wazi. Mwenye sendofu au bendi inayotafuta deiwaka wa besi, Temeke, Mbagala hata Kigamboni, nauli ya usiku tutaitaja kwanza. Na kama kuna anayemjua fundi mzuri wa umeme wa gitaa, yangu inakoroma nikiachia nyuzi.

Sauti ya Pili

Kaka, kiongozi wetu wa taarab anatafuta besi wa Ijumaa. Nimempa namba yako. Mazoezi ni Jumanne.